Chokaa Niliyoipiga Mnarani

Juzijuzi walikuja watu wa kuhifadhi majengo ya kale, wanne ndani ya gari moja, kuutazama mnara wa taa ulio kando ya Ziwa Jipe. Walipima mawe, wakaipiga picha ngazi, wakaingia ndani na tochi ingawa ilikuwa saa sita mchana. Baadaye binti mmoja kati yao, mwenye adabu zake, alikuja hadi kizingitini kwangu akaniamkia. "Nyanya," akasema, "ndani kote ni chokaa tupu, isipokuwa alama moja ya dole gumba, nyeusi. Unajua ni ya nani?"

Nikamwambia sijui. Nilimdanganya mtoto wa watu mchana kweupe, mimi ninayekaa safu ya mbele kanisani. Nilidanganya kwa sababu jibu lake ni refu, naye alikuwa ameshika kalamu kama mtu ambaye gari linamsubiri, na kweli lilikuwa linamsubiri. Sasa ameondoka, na mimi nimekosa usingizi siku tatu. Afadhali niliseme.

Nilizaliwa Voi, katika nyumba za reli, lakini kwetu hasa ni Sagalla, juu mlimani. Kule maji ni haba. Mama yangu aliamka alfajiri kwa ajili ya debe moja tu, akalibeba kichwani kama anabeba mtoto, na ole wake mtu atakayemwaga. Tulifundishwa na misheni kusoma, kuimba, na kusafisha. Hasa kusafisha. Nyumba ya Mkristo ilijulikana kwa ukuta wake, na mgeni akitarajiwa, hata akiwa shangazi tu kutoka Mwatate, ukuta ulipigwa chokaa siku moja kabla. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, na nilijua kwamba mimi ni hodari, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa kumi na tisa, niliolewa na kijana wa reli. Kazi yake ilikuwa taa. Kila jioni pale stesheni ya Voi alipanda nguzo za ishara, akasafisha vioo, akatia mafuta, akawasha, ili dereva wa treni ajue kama njia ni salama. Wakati wa uchumba aliniambia kwamba baba yake naye huwasha taa, huko kwao ziwani. Nilicheka sana. "Ukoo wenu wote mnaogopa giza?" nikamuuliza. Yeye hakucheka. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini, lakini nilikuwa na mdomo kuliko akili.

Siku hizo mke hakukaa na mume kazini. Alipelekwa kwa wazazi wa mume, akalime na kuangalia wazee, na mume akaja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tulipanda treni ya Taveta, tukapita Mwatate na Maktau, vumbi likaingia hadi kwenye meno, kisha lori la mkonge, kisha miguu. Tulipotoka kwenye vichaka nikaliona ziwa kwa mara ya kwanza, nikasimama.

Nilikasirika. Najua ni ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama yangu alivunjika shingo kwa debe moja, na hapa maji yalikuwa yamelala tu hadi milima ya Upare ng'ambo, hayana kazi, viboko wanakoga humo. Nilimwambia mume wangu si haki. Akasema, "Usiyaamini sana."

Mnara ulikuwa pale ufukweni, hatua ishirini kutoka kwenye nyumba ya baba mkwe. Haukuwa mrefu, kama watu watatu waliobebana mabegani. Ulijengwa kwa mawe na mkulima mmoja Mzungu aliyekuwa na mashua, zamani, kabla sijazaliwa. Sababu yake ilikuwa rahisi. Upande huu wa ziwa umezibwa na mafunjo na matete, na mlango wa kupita mtumbwi ni mmoja tu, mwembamba. Ukiukosa jioni, utazunguka ndani ya matete pamoja na viboko na mamba hadi asubuhi, kama asubuhi itakukuta. Taa ya mnara iliwekwa sambamba na mlango ule. Ukiiona, elekeza mtumbwi kwake, na utafika. Mzungu aliondoka akaenda zake. Mashua ikaoza. Ufunguo wa mnara ukabaki kwa aliyekuwa baharia wake, naye ndiye baba mkwe wangu. Kioo cha taa kilipopasuka, mume wangu alileta kingine kutoka Voi, cha taa ya ishara iliyostaafu. Kwa hiyo wavuvi wa Jipe walikuwa wakiongozwa nyumbani na kioo cha gari moshi, na hakuna aliyeona ajabu.

Mama mkwe sikumkuta. Niliambiwa alikufa zamani, basi. Tulikuwa wawili tu katika boma lile, mimi na mzee, na hatukuruhusiwa kusemezana.

Ninyi wa siku hizi mnapigiana simu na wakwe zenu, mnataniana. Sisi ilikuwa mwiko. Mke wa mwana hapiti mbele ya baba mkwe, hali mbele yake, hamtazami usoni, na hamwambii neno moja kwa moja. Ukiwa na mama mkwe, yeye hupeleka habari. Usipokuwa naye, hutumia mtoto. Sisi hatukuwa na mtoto, tulikuwa na kuku. Alikuwa kuku asiye na manyoya shingoni, mwenye majivuno, aliyependa kukaa katikati ya ua. Mimi nikiwa jikoni nilisema, "Kuku, mwambie baba uji umeiva." Na mzee, ambaye alikuwa amenisikia vizuri kama mimi ninavyokusikia wewe, alijibu akiwa ameangalia ziwa, "Kuku, mwambie auweke chini ya mti." Tuliishi hivyo miezi saba, na nasema kweli, tuliishi kwa amani. Ila kuku hawezi kuulizwa swali mara mbili. Na mke wa mwana akiagizwa jambo na mkwe hasemi, "Sijaelewa." Huko ni kumdharau.

Kila jioni, jua likiinama, mzee aliingia mnarani, na baada ya muda taa ikawaka. Kila jioni, hata siku ambayo hakuna mtumbwi uliotoka. Nililiona hilo nikadhani ni ubadhirifu wa mafuta. Ndani ya mnara sikuwahi kuingia. Pale palikuwa pake.

Kisha ikaja habari. Afisa mmoja wa serikali angekuja kuutazama mnara. Kulikuwa na shamba la mkonge lililotaka mawe yake kwa kujenga nyumba ya pampu, na afisa ndiye angeamua kama mnara ni kitu cha kutunzwa au ni rundo la mawe. Mzee alianza kula nusu bakuli. Alizunguka mnara, akaugusa, akarudi, akazunguka tena. Ulikuwa umechakaa kweli, kijani cha ukungu chini na kinyesi cha ndege juu.

Siku mbili kabla ya afisa kufika, nilimwambia kuku: "Kuku, mwambie baba kwamba mnara nitausafisha mimi. Kwetu tunajua kupokea mgeni."

Mzee aliugeukia mnara. "Kuku, mwambie vizuri. Chokaa iko ghalani. Apige yote."

Asubuhi yake akaondoka kwa miguu kwenda Taveta, ili amlete afisa mwenyewe. Akaacha mlango wa mnara wazi kwa jirani yake, mvuvi mzee mwenzake, ambaye angekuja kuwasha taa jioni.

Apige yote. Ningekuwa na mama mkwe, ningemuuliza: yote ni wapi hadi wapi? Nilikuwa na kuku.

Nilianza nje. Nilitengeneza brashi ya katani, nikaiponda ncha kwa jiwe, nikakoroga chokaa. Saa nne nje yote ilikuwa nyeupe, ikang'aa hadi inaumiza macho. Mke wa jirani alipita akapiga kigelegele. Nikavimba kichwa. Ndipo nikaingia ndani.

Nilishtuka. Ukuta ulikuwa mweusi. Kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa, kuizunguka ngazi yote, ulikuwa umejaa madoa ya masizi, madoa mamia na mamia, mengine yamepandana, kama mahali ambapo watu wamepapasa kwa mikono michafu miaka na miaka. Nilisikia aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Niliwaza afisa akiingia humu, na misheni iliyonilea, na mama yangu angesema nini. Chokaa peke yake haikufaa, maana masizi hutokeza. Kwa hiyo niliteka maji, maji mengi, ndoo baada ya ndoo, nikifurahia kuyamwaga ovyo kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikachukua sabuni ya mche na majivu, nikasugua. Nilisugua kila jiwe. Nilisugua nikiimba. Yakatoka yote. Kisha nikapiga chokaa mara mbili, moja juu ya nyingine.

Jua lilipoanza kushuka nilikuwa nimeketi nje, nikijisifu moyoni. Yule mvuvi mzee alifika kutoka ziwani na samaki wake wachache kwenye ugwe. Akautazama mnara, akatabasamu. Akaingia.

Akatoka mbio, mikono kichwani. Mwanamume mzima, mwenye mvi.

"Mama," akasema, "madole yetu imeenda wapi?"

"Madole gani, baba?"

"Ukutani! Nani ameosha hii ukuta?"

"Ni mimi. Ilikuwa chafu."

"Chafu?" Aliketi chini pale pale mchangani, samaki wakadondoka. Nilidhani ameugua. Akaniuliza kama kweli hakuna aliyeniambia. Nikamjibu angeniambia nani, kuku?

Akanieleza. Tangu wakati wa Mzungu, kila anayetoka kwenda ziwani huingia mnarani kwanza, huchovya dole gumba kwenye masizi ya taa, na kulibonyeza ukutani. Akirudi salama, hubonyeza lingine kando yake. Madole mawili, huyo amefika. Dole moja, huyo bado yuko majini. Kabla ya kuzima taa, mtunzaji hupita na kurunzi akitazama ukuta, na maadamu kuna dole hata moja lililo peke yake, taa haizimwi. Hakuna kitabu, hakuna karani. Ukuta ndio uliojua nani yuko nje.

"Na kulikuwa na dole moja peke yake?" nikauliza.

"Moja tu," akasema. "Ya mama mkwe wako. Ilikuwa kushoto ya ngazi, chini kidogo, kwa sababu alikuwa mfupi."

Alivuka kwenda ng'ambo kumjulia hali dada yake aliyejifungua. Mume wangu alikuwa bado hajang'oa meno ya utoto. Walipata mtumbwi umepinduka. Walipata upondo wake wa kusukumia. Yeye hawakumpata, wala khanga yake, wala chochote cha kuzika. Kwa hiyo hakuna kaburi. Kulikuwa na dole ukutani, na kwa sababu ya dole lile mzee hakuwahi kuiacha taa hata jioni moja. Ufuko mzima wa Jipe ulipata mwanga kila siku kwa sababu mtu mmoja alikuwa akimsubiri mkewe.

Sikulia. Nilitazama mikono yangu, ilikuwa myeupe hadi viwiko. Kwetu Sagalla, kabla ya misheni, wazee waliyaweka mafuvu ya jamaa zao chini ya mwamba, yamepangwa vizuri, na hakuna aliyethubutu kuyagusa. Mimi nilifundishwa kuyaonea haya. Lakini mama yangu, pamoja na Ukristo wake wote, asingeyaosha kwa sabuni bila kuuliza ni ya nani. Asiyejua maana haambiwi maana, wanasema, lakini mimi hata kuuliza sikuuliza, na nilijifanya najua.

Niliingia ndani na kurunzi. Kushoto ya ngazi, chini kidogo. Nikakwangua chokaa kwa kijiko, kisha kwa kucha. Chini yake palikuwa na jiwe safi. Nimewaambia nilikuwa hodari.

Mvuvi mzee aliwasha taa jioni ile. "Leo nitawasha," akasema. "Kesho ni yeye mwenyewe."

Kesho yake afisa alikuja na gari, mzee ameketi nyuma pamoja na mizigo. Nilikuwa nimejificha jikoni. Afisa alishuka, akavua kofia, akaukagua mnara kutoka mahali aliposimama, kwa mbali. Akaomba maji ya kunywa. Akamwambia mkalimani kwamba mnara ni safi sana, umetunzwa, na utaachwa usimame. Akapanda gari akaenda. Mambo yote hayo hayakumaliza muda wa kuchemsha chai.

Hakuingia ndani! Hakuufikia hata mlango! Hadi leo nikikumbuka, damu hunipanda. Nilimsugulia mtu ambaye hakuinama kuchungulia.

Mzee alisimama akilitazama gari hadi vumbi likatulia. Kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka, peke yake, akijipiga paja kwa furaha kwamba mnara umepona. Kisha akaingia ndani. Nilihesabu pumzi zangu. Alitoka polepole, akafunga mlango, akaketi kwenye kigogo chake. Hakumwambia kuku neno.

Jioni ilipofika hakuinuka. Jua likazama, mbu wakaanza, ziwa likawa jeusi, na juu ya mnara palikuwa hakuna kitu. Sijui nieleze vipi giza lile. Miezi saba nilikuwa nimelala nikiona mstari wa mwanga chini ya mlango, na sasa mstari haukuwepo. Sheria ilikuwa wazi: hakuna dole lililo peke yake, basi hakuna aliye majini. Mwenyewe alikuwa ameishi kwa sheria ile, na sheria ile ile, kwa mkono wangu, ilimwambia mkewe hayuko tena nje. Wala si kwamba alikuwa amerudi. Alikuwa amefutwa tu.

Utasema wavuvi wangebonyeza madole mapya. Nami nilidhani hivyo. Lakini hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza. Ukuta ambao umefutiwa watu, walisema, ukiweka dole lako peke yako humo, unajiita mwenyewe. Wakaacha kwenda jioni. Walitoka mchana tu, jua kali, samaki wakiwa wamejificha chini, wakarudi na vitoweo vya paka. Mzee akaacha uji chini ya mti ukapoa, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilimsihi kuku. Kuku alikula ule uji.

Jumamosi mume wangu alikuja kutoka Voi. Nilimwambia yote kabla hajavua viatu, nikitarajia anipige au anirudishe kwetu. Hakufanya lolote. Aliingia mnarani, nikamfuata hadi mlangoni. Alisimama kushoto ya ngazi, akaweka kiganja chake ukutani, mahali pa kifua.

"Lilikuwa hapa," akasema. "Nilikuwa nikijipima nalo. Nilipolipita kwa kimo, nilikimbia kumwambia baba nimekuwa mrefu kuliko mama."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza mahali kabati lilipokuwa. Angenipiga ningeumia kidogo kuliko pale. Jumapili jioni alirudi kuwasha taa za watu wa Voi, na baba yake akabaki gizani.

Jumatatu sikulima. Nilikaa jikoni nikifikiri, jambo ambalo ningelifanya wiki moja mapema. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo nililijua. Dole lake nisingeweza kulirudisha. Lakini mzee alikuwa anakufa mbele yangu kwa sababu hakuna aliye majini, na wavuvi hawakwenda majini kwa sababu ya ukuta. Mimi nilikuwa Mkristo wa kubatizwa, ukuta haukunitisha. Kilichonitisha ni maji. Sikujua kuogelea, sikuwahi kukanyaga mtumbwi, na usiku niliota ziwa lile linapanda kitanda.

Alasiri nilienda kwa mvuvi mzee nikamwambia anipeleke ziwani.

"Kufanya nini?"

"Kukaa huko."

Alinitazama sana. Akasema yeye dole lake haweki. Nikamwambia langu litatosha.

Nilipangusa masizi chini ya sufuria ya ugali. Mzee alikuwa kwenye kigogo chake, kando ya mlango wa mnara, amekonda, macho yakiwa ng'ambo. Kuingia ilibidi nipite mbele yake. Nilipita. Nikaingia, kushoto ya ngazi, mahali pa kifua cha mume wangu, nikabonyeza dole gumba juu ya chokaa yangu mwenyewe. Likabaki pale, jeusi, dogo, peke yake. Nikatoka. Nikamtafuta kuku kwa macho, sikumwona, alikuwa ameenda zake kama kawaida ya kuku unapomhitaji.

"Baba," nikasema. "Natoka. Naenda ziwani."

Alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Hakugeuka. Nilikimbilia mtumbwini kabla ujasiri haujaniisha.

Mvuvi alisukuma kwa upondo, tukapita mlango wa matete, tukatoka kwenye maji wazi. Niling'ang'ania kingo za mtumbwi, nikasema zaburi zote ninazozijua na nyingine nikazitunga. Kiboko alikoroma mahali fulani karibu, nikajikojolea, nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Jua likazama nyuma ya milima. Ufuko ukawa mstari, mstari ukapotea. Kila upande ulikuwa sawa. Ndipo nilipoelewa, kwa mwili wangu na si kwa kuambiwa, yule mama aliona nini mara ya mwisho, kama aliona chochote. Mvuvi aliacha kusukuma. "Tungoje," akasema. Na nilisikia katika sauti yake kwamba hata yeye hakuwa na uhakika.

Tulingoja sana. Nilifikiri: hatawasha. Ana haki. Mtu aliyemfuta mke wake amekwenda majini, na abaki huko.

Kisha ikawaka.

Ilikuwa ndogo, ya njano, inayumba kidogo, kisha ikatulia. Nililia kwa sauti hadi mvuvi akanikemea kwamba nitawaamsha mamba. Yeye mwenyewe alikuwa akijifuta uso kwa mkono wa shati.

Tulipofika, mzee alikuwa amesimama ndani ya maji, hadi magotini, na kurunzi mkononi. Nilishuka nikaanguka, nikainuka nimelowa. Niliinamisha macho kama ilivyo adabu. Yeye hakuondoka. Alisema, na hapakuwa na kuku, wala mtoto, wala mtu wa kati yetu:

"Mwanangu, nenda ukaweke la pili."

Sijawahi kukataa neno la mkwe, kabla ya siku hiyo wala baada yake.

"Baba," nikasema, "mimi bado sijarudi."

Aliinua kurunzi, akanitazama usoni. Sijui alitazama kwa muda gani. Mvuvi alijifanya anafunga mtumbwi.

"Haya," akasema mwishowe. "Basi nitaiacha ikiwaka."

Kesho yake alikula bakuli zima, na kabla ya wiki kwisha wavuvi walikuwa wakibonyeza madole yao kwenye karatasi waliyoigandika nyuma ya mlango, maana ukuta ule waliuacha kwa dole moja. Mzee aliwasha taa kila jioni hadi alipofariki, akinisubiri nirudi, nami nilikuwa hatua ishirini kutoka kwake, jikoni, nikimpikia uji.